Matthew Perry hakusema amepona

Tangu Oktoba 2023, Matthew Perry, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa Chandler katika vichekesho vya televisheni vya Friends, alipokutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles, nimekuwa nikisikia neno moja kutoka kwa waliosoma kitabu chake na hata wasiokisoma: alitudanganya. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametoa kumbukumbu za maisha yake, Friends, Lovers, and the Big Terrible Thing, akahojiwa kila mahali akisema ameacha pombe na dawa. Kisha ketamini, dawa ya nusukaputi, ikammaliza akiwa na miaka 54. Nimekirudia kitabu hicho mwezi huu, safari hii nikiujua mwisho wa mwandishi wake, na naona hukumu hiyo ni ya kumwonea.

Kiswahili kina kupona na kina kupata nafuu, na wanaohudumia waraibu huchagua neno la pili kwa makusudi. Aliyepona ameachana na ugonjwa. Mwenye nafuu bado anaishi nao: leo umempa nafasi, kesho hana hakika. Perry aliandika kama mtu mwenye nafuu. Ukurasa wa kwanza kabisa anajitambulisha kwa msomaji na kumwambia kwamba, kwa yaliyompata, ilistahili awe amekwisha kufa. Mwaka 2018 utumbo wake mpana ulipasuka kwa sababu ya dawa za kutuliza maumivu. Alipoteza fahamu wiki mbili na kukaa hospitali miezi mitano, na familia yake iliambiwa uwezekano wa kuishi ni asilimia 2. Mtu huyo hakuwa na sababu ya kujitangaza mshindi, na hakujitangaza.

Kuna sehemu moja ambayo siwezi kuisahau. Kuna kipindi alihitaji vidonge 55 vya kutuliza maumivu kwa siku, na kuvipata ilikuwa kazi ya kutwa. Jumapili alikuwa akienda kwenye nyumba zinazouzwa, zile zinazofunguliwa ili wateja wazikague, anajifanya mnunuzi, anaingia bafuni na kupekua makabati ya dawa. Anaeleza kwamba hakuogopa kushukiwa, maana nani angedhani Chandler wa Friends ndiye aliyemwibia vidonge? Uso uleule uliokuja kumlipa dola milioni 1 kwa kila kipindi katika misimu miwili ya mwisho ndio uliomfichia wizi. Sijawahi kusoma maelezo ya umaarufu yaliyonishtua kuliko hayo.

Halafu kuna harusi. Mamilioni tuliitazama Mei 2001, Chandler akimwoa Monica ndani ya Friends, tukafurahi kama ndugu zetu wanaoana. Kumbe bwana harusi alikuwa ametoka kwenye kituo cha matibabu kuja kuigiza, na kazi ilipokwisha alirudishwa hukohuko kwa gari, chini ya ulinzi wa mtu aliyeajiriwa kuhakikisha hatumii kitu. Wengine walibaki kushangilia. Nimeitazama tena harusi ile baada ya kusoma, nikatafuta dalili usoni mwake, sikuiona hata moja.

Kitabu kina kasoro zake. Dongo alilomrushia mwigizaji mwenzake Keanu Reeves halikuwa na maana yoyote, na mwenyewe aliomba radhi. Sura za wanawake aliowapenda kisha akawakimbia zinajirudia hadi zinachosha: anapenda, anaogopa kuachwa, anaacha kwanza, anajuta, anaanza upya. Niliposoma mara ya kwanza nilirukaruka kurasa. Sasa nadhani kuchoka kule kulikuwa sehemu ya ukweli wake. Aliyeishi na mraibu anaujua mzunguko huo, ahadi ileile kwa sauti ileile, na Perry mwenyewe anahesabu mara 65 alizoingia kwenye matibabu ya kuondoa sumu ya pombe na dawa mwilini. Ungeandikaje maisha hayo bila kujirudia?

Kinachoniuma ni kwamba lawama zimemwelekea marehemu wakati ukweli uliotoka baadaye ni mchungu zaidi. Mwaka 2024 watu 5 walishtakiwa kuhusiana na ketamini aliyopewa, wawili kati yao madaktari, na wote wamekiri makosa. Mmoja wa madaktari hao alimwandikia mwenzake ujumbe akimwita Perry mjinga na kujiuliza atakuwa tayari kulipa kiasi gani. Mgonjwa aliyemwaga mamilioni ya dola akitafuta nafuu alizungukwa na watu waliouona ugonjwa wake kama duka.

Kabla ya kufa alisema angependa akumbukwe kwanza kwa kuwasaidia walevi na waraibu wengine, kuliko kwa Friends. Hilo nalo hakulizua kwa ajili ya kuuza kitabu: miaka kumi nyuma alikuwa ameigeuza nyumba yake ya Malibu kuwa makazi ya wanaume wanaojitahidi kuacha. Na alisema kwamba mlevi akimjia kumwomba msaada wa kuacha, anaweza kumjibu ndiyo, kisha akamfuatilia hadi mwisho. Naamini alimaanisha, hata kama wakati huo mwenyewe alikuwa akitetereka.