Mzee Sajenti na Risasi ya Ukwaju

Sisi mafundi wa Katwe, hapa Kampala, hatujui kukataa kazi. Ukileta pistoni ya trekta tutaikereza, ukileta sufuria ya harusi iliyotoboka tutaiziba, na ukisema spea fulani haipatikani Uganda nzima umetutukana. Kwa hiyo siku Mzee Sajenti alipofungua kaveera lake, yaani mfuko wa plastiki, na kumwaga maganda ya risasi juu ya meza yangu, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa bei. Cha pili kilikuwa polisi.

“Tulia, mwanangu. Matupu hayo.”

Yalikuwa matupu kweli, marefu, yamekuwa ya kijani kwa kutu. Nilipoyasugua kitakoni yakasomeka KYNOCH, jina la kiwanda cha risasi cha Uingereza, na .318. Ni risasi za bunduki ya Westley Richards ya Birmingham, iliyokuja Afrika na wawindaji wa Kiingereza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Risasi zake zimekuwa adimu, na wazungu wanaozipenda bunduki za aina hiyo hununua maganda ya .30-06, risasi ya Kimarekani, wakayaminya yakapata shingo mpya, wakajijazia wenyewe nyumbani. Huku kwetu ukijaza baruti bila kibali, sheria ya silaha ya 1970 inakujaza wewe ndani.

Mzee hakutaka baruti. Bunduki ya marehemu baba yake ilisalimishwa polisi zamani, yakabaki maganda. Alitaka yang'arishwe, yatiwe vichwa vya shaba yaonekane mazima, yapangwe kwenye kisanduku cha kioo sebuleni, chini ya picha ya huyo baba. Baba mwenyewe alikuwa mwindaji, na si mwindaji wa digidigi. Idara ya wanyamapori ya kikoloni ilipoanza mwaka 1925 chini ya Kapteni Pitman, kazi yake moja ilikuwa kuwazuia tembo wasimalize mashamba ya watu, na ukimsikiliza Mzee utadhani kazi hiyo yote aliifanya baba yake, Pitman akishika daftari. Ukimtajia Bell wa Karamoja, yule aliyeua tembo zaidi ya 1,000 kwa bunduki ndogo ndogo, Mzee aliguna tu. “Bell alikuwa na wapagazi. Baba alikuwa peke yake.”

Balaa lilikuwa kwenye fataki, kile kikofia kidogo cha kitakoni kinachopigwa na pini ya bunduki. Risasi ikishapigwa, fataki inabaki na kidonda katikati, na kidonda hicho kilimkera Mzee. Wageni wataona zimetumika, akasema.

“Sasa tembo walikufaje kama hazikutumika?”

Hakujibu. Akasema fataki zitoke.

Fataki za Boxer ni rahisi. Ndani ya ganda kuna tundu moja katikati, unapitisha msumari, unagonga, inatoka. Hizi za Mzee zilikuwa za Berdan: katikati kuna kinundu, na vitundu viwili vidogo pembeni ambavyo hata sindano inaviogopa. Ukigonga msumari unapinda, unabaki unaangaliana nao. Na cha ajabu, Berdan alikuwa Mmarekani, fataki yake ikapendwa Ulaya. Boxer alikuwa Mwingereza, yake ikapendwa Marekani. Watu hawa hawakupanga kunisaidia.

Nikampigia simu baba yangu, aliyestaafu ufundi wa silaha polisi. Akacheka kwanza, halafu akasema: “Jaza maji. Chomeka ufito wa chuma unaobana shingoni, piga nyundo. Maji hayaminyiki, yataisukuma fataki yenyewe.”

Nikasema nipime shingo kwa vania, kile kipimo chetu cha unene, kabla ya kukereza ufito. Mzee akaona namchelewesha. “Imeandikwa .318. Unabishana na Mwingereza?” Haya. Inchi .318 ni milimita 8.08, nikakereza 8.08. Nikachomeka, nikapiga, na ganda zima likanitemea usoni. Kumbe Waingereza walipima tundu la mtutu pale lilipo jembamba, risasi yenyewe ni .330. Huo ni uongo uliopigwa mhuri kwenye shaba, na Mzee aliukingia kifua huku mimi najifuta macho.

Nikakereza mwingine, mnene, ukaingia kwa kubana. Maji je? Maganda yalikuwa yamelowekwa kwenye ndoo ya ukwaju ili kutu itoke, na ule ukwaju ulishakuwa mzito, mwekundu wa kuiva, umechanganyika na masizi ya miaka tisini. Mzee akasema tutumie huo huo, maji ya Katwe yanalipiwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakaa, koti kaliweka begani, maana alikuwa anaongoza ukoo kwenda kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, ya mpwa wake huko Masaka. Gari la upande wa bwana harusi lilikuwa limesimama nje, injini inanguruma, ssenga, yaani shangazi, ametoa kichwa dirishani. “Dakika mbili tu,” Mzee akawaambia, “nione moja ikitoka.”

Ganda lilikuwa limesimama juu ya mbao mbili za meza, upenyo uko chini ya kitako. Nilimwambia akae mlangoni. Shahidi ninaye, kijana wangu alisikia. Lakini nyundo ilipokuwa inashuka, Mzee alikuwa ameshachuchumaa na kuingiza kichwa chini ya meza aone vizuri.

Paa!

Fataki ilimpita sikioni, ikagonga mabati ya ukutani yakalia mtaa mzima. Ukwaju wote ukamshukia shingoni na kifuani. Mzee akatoka chini ya meza kinyumenyume, akafika mlangoni, akajitazama kanzu. Kifua chote chekundu. Akajishika hapo, akakaa chini taratibu.

“Fundi ameniua.”

Nje mtu akapiga kelele, “Risasi!” Boda boda zikatawanyika. Muuza rolex, zile chapati za mayai, akalala kifudifudi, yai mkononi, na sifa nimpe: halikuvunjika. Ssenga akateremka garini analia, ukoo wote nyuma yake, na Mzee alipowaona wamemzunguka akanyanyua mkono.

“Nisife na hili jambo. Baba hakuwahi kuua tembo.”

Kimya.

“Hakuua hata swala. Alikuwa mpishi wa Mzungu. Mzungu akishapiga, baba anaokota maganda. Alikuwa anayatumia kuwekea chumvi.”

Hapo ndipo askari wa kituo cha jirani alipoingia, bunduki mbele. “Wote chini!” Tukalala. Akaona maganda mezani, akaona nyundo mkononi mwangu, akaona mzee mwenye kifua chekundu, na nikajua hesabu anayoipiga. Akainama, akagusa ile kanzu kwa kidole, akanusa. Akanusa tena.

“Huu ni ukwaju.”

Mzee akafungua jicho moja. “Una hakika, afande?”

Maelezo yalichukua muda. Askari alitazama kila ganda ndani kwa tochi ya simu, akaridhika kuwa ni matupu, akaniuliza kama mashine yangu inaweza kukereza sturi ya pikipiki yake. Ssenga alikuwa ameshaacha kulia, sasa anamtazama Mzee kwa namna nyingine kabisa. Kanzu ikaazimwa kwa seremala wa jirani, mtu mfupi, ikamfikia Mzee kwenye ugoko. Wakaondoka.

Kijana wangu alikwenda nao, na ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Simu zilishafika Masaka kabla ya gari. Msemaji wa upande wa binti aliwaacha wakae, wasalimie, watoe zawadi zao. Halafu akasimama, akakohoa, akasema wao kama wenyeji wana ombi dogo: wamesikia ujumbe umekuja na mtoto wa mpishi wa Wazungu, basi kabla ya chakula kuandaliwa apite jikoni awaangalizie luwombo, ule mchuzi unaopikwa ndani ya jani la mgomba.

Mzee alikwenda. Akaonja, akatafuna kwa makini, akasema chumvi imepungua.