Pamba ibaki duka la dawa

Kila Desemba naingia kwenye sebule za watu hapa Dar jasho likinitiririka, feni iko namba tano, na pembeni umesimama mti wa plastiki uliomwagiwa pamba ya hospitali. Eti theluji. Feni ikigeukia upande ule, theluji inapeperuka mpaka kwenye sahani ya pilau. Theluji ya wapi jamani? Nchi hii ina theluji ya kule juu Kilimanjaro tu, na hata watu wa Moshi wenyewe hawajawahi kuishusha sebuleni.

Sisemi watu wasipambe. Nyumba isiyo na dalili yoyote ya sikukuu tarehe 25 inanipa unyonge, na watoto wanaona. Kinachonichosha ni ile safari ya Kariakoo ya wiki ya mwisho, bei zimepanda, watu wanakanyagana, unarudi na mfuko mzima wa karatasi za kung'aa, maputo, kengele za plastiki na Baba Krismasi anayeimba kwa betri. Vyote vinapandishwa ukutani siku hiyo hiyo. Taa nazo zinabadilisha mdundo kila sekunde mbili kama tuko disko. Mzigo mkubwa wa bidhaa hizi duniani unatoka Yiwu, mji mmoja wa China, ndiyo maana sebule ya Tabata na sebule ya Kampala zinafanana mwezi huu. Na Januari inakuja na ada, sare na madaftari, hapo ndipo utaikumbuka ile elfu hamsini ya kengele.

Kwa maoni yangu, kabla ya kununua chochote, punguza. Sebule zetu zimejaa tayari: vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi, maua ya plastiki juu ya televisheni, picha za mahafali, kalenda mbili za benki. Ukiongeza mapambo juu ya hivyo vyote, jicho halijui litue wapi. Toa maua ya plastiki, yaoshe, yaweke kabatini mpaka Januari. Fua mapazia. Futa mapanga ya feni, maana vumbi lake ndilo mgeni analoliona akiegemea kochi na kutazama juu. Wazee wetu vijijini walilijua hili bila kuambiwa: Krismasi ikikaribia ukuta unakandikwa udongo upya, unapakwa chokaa, uwanja unafagiliwa, basi. Hapo nyumba ilikuwa imeshapambwa.

Watu hudhani mti wa Krismasi lazima uwe ule wa mizonobari ya Ulaya, la sivyo si Krismasi. Lakini hao waliouanzisha walichukua kilichokuwa karibu nao. Kuna maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg, mji ambao sasa uko Ufaransa, yanayoeleza jinsi watu wa huko walivyosimamisha miti sebuleni na kutundika maua ya waridi yaliyokatwa kwa karatasi za rangi, matufaa, vikaki vyembamba na peremende. Karatasi na matunda! Miti ile iliota kwao na ilibaki kijani wakati wa baridi, hivyo wakaikata. Sisi Desemba yetu ina kijani cha kumwaga, halafu tunanunua cha plastiki.

Pwani tuna mvinje. Una majani membamba yanayoning'inia, na ukikata tawi la urefu wa mtoto wa darasa la tatu unapata umbo zuri kuliko miti mingi ya dukani. Usiukate ule wa ufukweni unaozuia mchanga. Omba kwa mwenye uwanja, au waulize vijana wa vitalu vya maua kando ya barabara. Jaza ndoo mchanga mbichi, chomeka tawi, shindilia mawe, mwagia maji kila asubuhi. Ukilikata tarehe 22 au 23, litafika mwaka mpya bila kuaibisha. Ndoo izungushie kitambaa, maana maandishi ya kampuni ya rangi hayapendezi. Juu ya tawi tundika vitu vya aina moja tu. Mimi napenda nyota za ukili, zile chane za mkindu zinazosukwa kwa mikeka. Msusi wa vikapu anakutengenezea kwa bei ya maelewano, na watoto wakionyeshwa mara moja wanaendelea wenyewe. Hizo unazitunza miaka na miaka.

Halafu kuna mkrismasi wenyewe, ule mti wenye maua mekundu unaofanya barabara nzima iwake kuanzia Novemba. Asili yake ni Madagaska, lakini umekaa nasi hadi watu wameupa jina la sikukuu. Ukivunja tawi lake na kuliweka kwenye chombo cha maua, linanyauka haraka, usijisumbue. Njia yake ni hii: asubuhi na mapema okota maua yaliyodondoka usiku, suuza mchanga, yaelekeze juu kwenye bakuli pana lenye maji. Tazama kwa karibu: petali nne nyekundu, na ya tano ina weupe wenye michirizi, kama mtu kaijaribia brashi. Bakuli moja katikati ya meza linatosha, na kesho yake unaokota mengine bure. Hata yale maganda marefu makavu, yanayolia ukiyatikisa, ukiyafunga matatu kwa utepe mwekundu na kuyaning'iniza mlangoni yanapendeza. Wengine wanayapuliza rangi ya dhahabu. Mimi nayaacha na rangi yake ya kahawia.

Meza sasa. Kitambaa cha mezani chenye picha za kulungu wa nchi za baridi, wale wa Baba Krismasi, kinatumika siku moja kwa mwaka, na kulungu hao hatuwajui. Tandika kanga ya kisutu. Ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, imezoea harusi, na ikikaa na sahani nyeupe na yale maua ya bakulini hutatamani kuongeza kitu. Sikukuu ikiisha unaifua na kujifunga.

Taa nakubali kutumia hela. Nunua waya mmoja wa LED wenye mwanga wa njano uliotulia. Wanaohofia LUKU nawapigia hesabu: waya wa wati 10 ukiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku kwa wiki mbili unakula kama nusu uniti hivi, yaani sawa na birika la umeme la wati 2,000 likichemka dakika 17. Kinachonitisha ni nyaya sita kwenye ekstensheni moja iliyochubuka, nyuma ya pazia. Mishumaa nayo iwe ndani ya chupa ya jemu yenye mchanga chini, mbali na lile tawi la mvinje, ambalo likikauka linashika moto upesi mno.

Kwa wale wanaoweka hori la Noeli: Fransisko wa Asizi alipofanya lake pale Greccio, kijiji cha Italia, mwaka 1223, hakuwa na sanamu. Aliomba aandaliwe hori la kulishia mifugo, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Kwa hiyo sioni haja ya kukopa ili kununua seti ya kuchonga. Wape watoto udongo wa kufinyanga mchana mmoja, wape nyasi na kipande cha kuti kwa ajili ya paa. Punda atatoka na shingo ya twiga na Yosefu atakuwa mkubwa kuliko banda. Waache hivyo hivyo, na mgeni akiuliza, mtoto aliyewafinyanga ataeleza kwa kirefu kuliko mgeni alivyotaka.

Tarehe 6 Januari, Epifania, kila kitu kishuke. Waya wa taa uzungushe kwenye kipande cha boksi usije ukajifunga mafundo, nyota za ukili zifunge kwenye gazeti na karafuu chache kufukuza wadudu, na lile tawi la mvinje mpe mama anayekaanga mihogo hapo nje, atajua la kulifanyia.