Neno "Futa" Linatudanganya

Mtu akitaka kuuza kompyuta yake, usiku wa mwisho hufungua folda zake, huchagua kila kilichomo, hubonyeza "Futa", kisha huondoa na vilivyomo kwenye pipa la taka. Akiona folda tupu, hulala kwa amani. Picha za watoto, barua za kazini, nakala ya kitambulisho: anaamini vyote vimekwenda. Kumbe vingi huenda bado vipo pale pale vilipokuwa.

Diski ina orodha yake inayoonyesha faili gani limelala wapi. Unapofuta, mara nyingi kinachoguswa ni orodha hiyo peke yake. Katika FAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao bado unatumika kwenye flashi nyingi, baiti ya kwanza ya jina la faili hugeuzwa kuwa E5, na sehemu lilimokuwa hutangazwa kuwa wazi. Maudhui yenyewe hubaki yakisubiri faili jingine lije liandikwe juu yake, na huenda lisije kwa miezi. Programu ya kurejesha mafaili kama PhotoRec hata haihangaiki na orodha. Inapita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Ikikuta FF D8 FF, inajua hapo huenda pameanzia picha ya JPEG.

Niliwahi kuijaribu kwenye diski ya mtumba. Baada ya dakika chache zikaanza kutokea picha za harusi ya watu nisiowajua kabisa. Niliisimamisha. Nilijiona kama mtu aliyeingia chumbani kwa mwenzake bila kupiga hodi, na tangu siku hiyo sijaweza kulichukulia jambo hili kiwepesi.

Wala si bahati mbaya ya diski moja. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 zilizokwisha kutumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo zilizosafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Wachunguzi wa makosa ya jinai wanaujua ukweli huu vizuri. Huko Wichita, Marekani, Dennis Rader aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991 bila kukamatwa. Mwaka 2005 alituma disketi kwenye kituo cha televisheni. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya hati ya Word aliyokwisha kuifuta, nayo bado ilibeba jina "Dennis" pamoja na jina la kanisa alilohudumu. Alikamatwa Februari mwaka huo huo. Nashukuru disketi ile ilisema. Ila diski haichagui wa kumfichua. Inamtoa muuaji kama inavyomtoa mama aliyeuza kompyuta yake ili alipe ada.

Ndiyo maana nawalaumu watengenezaji. Kitufe kinachoondoa jina tu kwenye orodha hakistahili kuitwa "Futa" bila onyo lolote.

Mpaka watakaporekebisha, msimamo wangu ni huu: simba diski yako yote, yaani igeuze data yake iwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo, siku ile ile unapoanza kuitumia. Windows ina BitLocker, Mac ina FileVault, Linux ina LUKS. Siku ya kuachana na kompyuta, ukiuharibu ufunguo, kilichobaki kwenye diski ni vurugu isiyosomeka. Kwa diski za SSD, zile zinazohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani za sumaku, naona hii ndiyo njia ya kutegemea, kwa sababu chipu inayoziendesha huhamisha data huku na huko, na ukijaribu kuandika juu yake kunaweza kubaki vipande usivyoweza kuvifikia. Wale wanaosisitiza diski iandikwe juu mara 35 wanashikilia pendekezo la Peter Gutmann la mwaka 1996, lililohusu teknolojia za zamani. Kwa diski za sumaku za leo, kuandika juu mara moja, diski nzima, kwa kawaida kunatosha. Lakini ufunguo wa dharura uutunze nje ya kompyuta hiyo, na nakala rudufu uwe nazo. Ukiupoteza ufunguo, hata wewe mwenyewe hutaingia.

Na ukifuta kitu kwa makosa kwenye diski ambayo haijasimbwa, udhaifu huu huu ndio tumaini lako. Acha kuitumia mashine papo hapo. Kama ni SSD, izime bila kuchelewa, maana amri ya TRIM, inayoiambia diski sehemu zipi hazihitajiki tena, inaweza kuruhusu chipu isafishe sehemu hizo yenyewe. Itoe diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, tengeneza nakala yake kamili, kisha utafute ndani ya nakala hiyo. Usithubutu kuweka programu ya kurejesha mafaili kwenye diski ile ile: inaweza kuandikwa juu ya picha unazozitafuta.