Clara Bow hakuangushwa na maiki

Kila akitajwa Clara Bow utasikia stori ileile, eti alikuwa nyota mkubwa wa sinema bubu kule Hollywood, filamu za sauti zikaja, watu wakasikia lafudhi yake ya Brooklyn, kule New York, na ndo ukawa mwisho wake. Mi naona stori hiyo inamwonea sana huyu dada.

Ni kweli maiki ilimtesa. Alizoea kuigiza kwa mwili mzima, anakimbia, anageuka anavyojisikia, halafu ghafla anaambiwa simama hapahapa ndo usikike. Mwenyewe alizichukia filamu za sauti na hakuficha. Kwenye The Wild Party ya 1929 ikabidi dairekta wake, Dorothy Arzner, aagize maiki itundikwe kwenye ufito wa kuvulia samaki ili imfuate kila anakoenda. Kwa hiyo woga ulikuwepo, sikatai.

Lakini filamu hiyo iliingiza hela! Watu walimsikia akiongea na bado wakajaa kumbini, na baada ya hapo akacheza nyingine 10 za sauti hadi 1933. Sasa sauti ilimkataza nini?

Mi kinachonikera ni mwaka 1925. Filamu zaidi ya 10 ndani ya mwaka mmoja, binti ndo kwanza anatimiza miaka 20! Mtayarishaji wa filamu B.P. Schulberg alimfunga kwa mkataba, akawa anamkodisha kwa stodio zingine kwa bei kubwa kuliko mshahara anaomlipa na chenji inabaki kwake, huku binti anamaliza filamu hii anakimbizwa kwenye ile. Na huyo ni mtoto aliyeamka usiku mmoja akakuta mama yake, mgonjwa wa akili, kamwekea kisu shingoni. Nani alimpa nafasi ya kupumzika? Hakuna, maana filamu zake zilikuwa zinauza.

Ikaja 1931, kesi ya Daisy DeVoe aliyekuwa sekretari wake, siri za Clara za chumbani zikaanikwa magazetini. Mwaka huohuo afya ya akili ikayumba, akalazwa, akaomba stodio yake, Paramount, wamwachie na wakamwachia. Hapo ndo alipoanguka, miaka miwili nzima baada ya watu kuisikia sauti yake.

Stodio ya Fox wakamchukua, akacheza Call Her Savage na Hoop-La, zote zikafanya vizuri, kisha akaacha na kwenda zake Nevada kwa mumewe Rex Bell akiwa na miaka 28. Kazi bado ilikuwepo, yeye ndo hakuitaka tena.