Si binadamu peke yake asiye na mfupa huu

Makala niliyoisoma inasema mamalia dume wote wana mfupa wa uume, yaani mfupa ulio ndani ya uume, isipokuwa binadamu. Hapana. Ng'ombe, mbuzi, farasi, tembo, nyangumi, sungura na hata fisi madoa hawana. Wengi wa panya, popo, nyani na wanyama walao nyama wanao. Wa walrasi, mnyama mkubwa wa bahari za baridi, hufikia takriban sentimita 60. Wa sokwe mtu haufiki hata sentimita 1.

Mtazame mbwa. Mfupa wake una mfereji upande wa chini, na mrija wa mkojo umelala humo. Mfupa hautanuki, kwa hiyo vijiwe vya kibofu hukwama nyuma tu ya shina lake. Mbwa dume anayejikamua kukojoa na kutoa matone tu apigwe eksirei siku hiyohiyo. Daktari wa mifugo hukisukuma kijiwe kirudi kibofuni kwa maji ya chumvi. Kulazimisha mpira mwembamba wa kutolea mkojo upite huuchana mrija.

Kuhusu chanzo cha tofauti za mfupa huu kati ya wanyama, mwandishi wa makala amepita haraka mno. Katika jaribio la panya wa nyumbani lililochapishwa 2014, baada ya vizazi 27, madume wa koo za panya ambazo kila jike lilipandwa na madume kadhaa walikuwa na mfupa mnene zaidi kuliko wa koo ambazo kila jike lilipandwa na dume mmoja.