Siku ya utamaduni shuleni: mtoto apange mstari upi?

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, shule zinapofanya siku ya utamaduni, mara nyingi wanafunzi hufungwa vikwembe (vitenge) na kugawanywa kwa makabila: Wabemba huku, Wasanga pale, Waluba wa Kasai kando yao, kila kundi na ngoma ya kwao. Wazazi wengi hufurahi. Wachache wanaokataa huambiwa wanawaonea haya mababu zao, na hapo ndipo naona hawasikilizwi.

Wanaoitetea siku hii hawasemi ovyo. Mtoto anasoma Kifaransa mwaka mzima, na wapo walimu wanaomwadhibu akinong'ona Kiswahili, ingawa sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Kuona ngoma ya bibi yake ikipigiwa makofi mbele ya mkuu wa shule si jambo dogo kwake. Tena kwenye meza ya vyakula vya kwetu, bukari (ugali), vinkubala (viwavi) na kikanda (mkate wa viazi vya okidi na karanga), sijaona anayegomba.

Ugomvi uko kwenye mistari. Chukua mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, baba Muluba, mama Mubemba. Waluba huhesabu ukoo kwa baba, Wabemba kwa mama, basi pande zote mbili zinamdai, na zote zina haki. Sasa geuza: baba Mubemba, mama Muluba. Wabemba watasema ni wa kwa mama yake, Waluba watasema ni wa kwa baba yake. Aende wapi? Mwalimu mwenye karatasi anatazama jina tu, anamsukuma kundini, yamekwisha. Na watoto hao si wa kutafuta kwa tochi: mji huu ulianza 1910, ukajazwa na wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), wakaoana.

Isitoshe, baadhi ya wazazi hao walikuwa watoto mwaka 1992, Wakasai walipoanza kufukuzwa huku kwetu Katanga, familia zikalala kwenye kituo cha treni cha Likasi zikingoja mabehewa. Kabila ndilo lililoamua nani abaki, nani aondoke. Mwalimu wa leo hana nia hiyo, na kumfananisha na vijana waliofukuza watu wakati ule ni kumwonea. Lakini mzazi aliyeyaona yale akisikia "Wakasai simameni huku", unataka atabasamu?

Hujibiwa kwamba watoto wakijuana, chuki haipati nafasi. Sawa kabisa. Ila Musanga anayecheza ngoma ya Kisanga kati ya Wasanga wenzake amemjua nani? Makundi yawe ya kalasi. Kalasi ya nne nzima ijifunze ngoma ya Wasanga, hata yule ambaye wazazi wake walitoka Bukavu. Ya tano ichukue ya Waluba. Atakayenung'unika ni mama aliyekwisha kushonea mwanawe mavazi ya kwao, naye aitwe aje kuwafundisha wote kufunga kikwembe.