Stenti Imewekwa, Vidonge Atanunua Nani?

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Daktari hukipitisha kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye mshipa wa moyo ulioziba, hukipanua kwa puto, na damu inapita. Lakini kinafungua kipande kidogo tu. Lehemu (mafuta ya kolesteroli) iliyojijenga kwenye mishipa mingine imebaki palepale, na mgonjwa anapokewa nyumbani kama aliyepona kabisa. Imani hiyo inatuulia watu.

Mshtuko wa moyo ukishaanza, kuzibua haraka kunaokoa maisha. Hapo sina ubishi. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika ni habari nyingine. Utafiti wa COURAGE, uliotolewa mwaka 2007, ulifuatilia wagonjwa 2,287 wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka minne. Waliowekewa stenti pamoja na dawa walikufa na kupata mishtuko karibu sawa na waliopewa dawa peke yake. Utafiti mwingine, ISCHEMIA, wenye wagonjwa 5,179, ukaja kusema karibu yaleyale mwaka 2020. Stenti iliwapunguzia maumivu, na hilo si dogo kwa mtu aliyekuwa hawezi kufika sokoni. Ila umri haikuwaongezea.

Mwenye kisukari na mishipa kadhaa ya moyo iliyoziba aulize pia kuhusu upasuaji wa kupandikiza mishipa, unaoipa damu njia ya kupita kando ya palipoziba. Utafiti wa FREEDOM, wa mwaka 2012, ulionyesha kuwa huwapunguzia vifo kuliko stenti.

Kinachoniuma zaidi ni vidonge. Baada ya mshtuko wa moyo, aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, hutumika pamoja, mara nyingi mwaka mzima. Kisha aspirini na statini, dawa ya kupunguza lehemu, kwa kawaida huendelea maisha yote. Ukikatiza mapema bila daktari kujua, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na mshipa ukaziba ghafla. Na sisi tunakatiza, wengine kwa kujisikia wazima, wengi kwa kukosa hela. Ukoo unachanga mamilioni kwenye kundi la WhatsApp, stenti inawekwa, pongezi zinamiminika, kundi linafungwa. Mwezi wa tatu mzee anagawa dozi ili ifike mwisho wa mwezi, na anaona haya kuomba tena.

Mchango wa stenti uhesabu dawa za mwaka mzima tangu siku ya kwanza, pesa yake iwekwe kando, na kijana mmoja wa ukoo apewe kazi ya kwenda famasi kila mwezi.